Mzigo wa Bwana Milimani

Juzi nilikuwa ofisini kwa ajenti, mzungu wa serikali, hapa Kindu, nikingoja karatasi ya ruhusa ya kurudi chuoni. Mbele yangu alisimama mkulima mmoja, kifundo cha mguu kimevimba. Aliomba asichukuliwe kesho yake kubeba mizigo ya ajenti kwenye ziara ya vijijini.

Ajenti, aliyetoka likizoni, konji yake ya Ulaya, alikuwa akimwonyesha karani picha za milima ya Alpi, majira ya majani kuanguka. Alitembea siku nane, akasema, kwa raha tu. Pichani anacheka, furushi kubwa mgongoni.

Mkulima akainamia picha. "Bwana, ule muzigo njo wa nani?"

"Wangu."

"Na wapagazi?"

"Kule hakuna. Kila muntu anabeba yake."

Mkulima akaugusa ule mgongo wa pichani kwa kidole. "Kumbe Bwana iko na nguvu!"

Karani akakohoa kuficha kicheko. Ajenti akazitia picha kwenye droo, akamwandikia mkulima: siku tatu za kupumzika. Kesho yake akaitwa mwingine kubeba.

Wenzangu wa midahalo kule chuoni wataniambia nitulie, mkulima si amesamehewa. Mimi nauliza tu: mgongo uliopanda Alpi, huku Maniema unaumwa nini?