Sato Juu ya Kitabu cha Ushuru

Nilimtoa sato kwenye tenga, nikamlaza juu ya kitabu cha risiti, palepale karani wa kizuizi alipokuwa amekifungua. Maji ya samaki yakaingia kwenye karatasi.

"Haya," nikamwambia, "muulize yeye amepita njia gani."

Mpaka hapo nilikuwa nimekaa kwa adabu tangu saa nne asubuhi, mwanangu wa miezi saba mgongoni. Sasa ilikuwa saa nane. Adabu ilikuwa imekwisha, na samaki nao walikuwa wanakwisha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anaambiwa afanye biashara. Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Lamadi tulikonunua samaki ilikuwa mkoa wa Mwanza, kwa hiyo sato wetu walisafiri na kibali kama wageni. Tulikuwa wanawake watatu tuliokodi pikapu moja. Mimi ndiye niliyefika form four, basi vibali na maneno ya ofisini vilikuwa vyangu.

Siku hiyo tulipakia alfajiri, tukafunika matenga kwa magunia mabichi, maana barafu hatukuwa nayo. Njiani tukakuta daraja limebebwa na mto. Dereva akazima gari, akasema tusubiri maji yapungue. Nikasema hapana. Mimi nimezaliwa upande wa Zagayu, barabara ya kuzungukia huko naijua: ni ndefu, ni mbaya, lakini inatokea Bariadi kabla ya saa sita. Mwenzetu mkubwa, tuliyemwita mayu kwa sababu ni wa umri wa mama zetu, akanitazama usoni.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mayu."

Ndipo akapanda. Matenga yake yalikuwa mengi kuliko yetu sote.

Na njia haikuniangusha. Saa nne tulikuwa kwenye kizuizi cha ushuru: mti umelazwa juu ya mapipa mawili, meza, karani, kalamu sikioni. Nikamwamkia vizuri, "Mwangaluka, baba," nikampa kibali. Akakisoma, akakigeuza, akakisoma tena.

"Hapa imeandikwa kupitia barabara kuu."

"Daraja limekwenda na maji, baba."

"Samaki wa ziwa hawatokei upande huu. Nitajuaje kama hamkukwepa ushuru kule?"

"Risiti ya kule hiyo hapo nyuma, imebanwa na pini."

"Nimeiona. Lakini njia siyo. Msubirini mkubwa."

Mkubwa alikuwa msibani.

Wanunuzi wa Bariadi hawaulizi samaki kavuliwa lini. Wanafunua mashavu. Yakiwa mekundu, anaingia kapuni. Yakiwa yamepauka, anarudishwa, tena na neno la kukuudhi. Basi kazi yangu ikawa kupanda garini, kuinua gunia, kufunua. Saa nne mekundu. Saa sita yamefifia. Saa nane kahawia, na nzi wameshapata habari.

Malori ya pamba yalikuwa yakifika, mti unainuliwa, yanapita. Pamba! Ingeweza kulala pale mpaka msimu mwingine isinuke. Nilipouliza, karani akasema, "Hao njia yao ndiyo hii." Kisha akamchekea mwanangu: "Mjukuu wangu, mama yako ana haraka, eh? Atakuzeesha huyu."

Mayu hakunitukana. Alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Ni wewe uliyesema tupite huku."

Hapo ndipo nilipokwenda kwenye tenga kumchagua yule sato.

"Mama, una wazimu wewe!" karani alipiga kelele, anapangusa kitabu kwa mkono wa shati.

"Ninao. Andika na huo kwenye kibali."

Saa tisa mkubwa akaja na baiskeli. Alisikiliza akiwa bado ameushika usukani, akachomoa kalamu, akaandika pembeni ya kibali: *kupitia Zagayu*. Maneno mawili! Mti ukainuka.

Sokoni Bariadi walifunua mashavu, wakafunika, wakaondoka. Mayu alimwaga samaki wake nyuma ya soko mwenyewe. Nilipoinama kumsaidia, akausogeza mkono wangu. Wiki nzima nikawa naitwa "yule wa njia ya kuzunguka."

Nikachana karatasi ya katikati ya daftari, nikaandika, nikaipeleka kwa mguu ofisi inayosimamia kile kizuizi. Sikuondoka mpaka nakala yangu ilipogongwa muhuri. Ninayo hadi leo:

*Yah: Malalamiko juu ya samaki kuharibikia kizuizini.*

*Husika na somo hapo juu. Daraja lilikatika, tukabadili njia. Njia niliyoichagua ilikuwa sahihi, na ilitufikisha kizuizini saa nne, mashavu ya samaki yakiwa mekundu. Yaligeuka rangi tukiwa tumesimama. Karani wako alikuwa na kalamu muda wote.*

*Naomba kibali kiwe na nafasi ya njia ya pili, na aliyepo kizuizini aruhusiwe kuijaza. Naomba pia jibu lenu libandikwe sokoni, liseme wazi kwamba samaki hawakuharibiwa na njia. Wenzangu walisome. Mmoja wao asomewe kwa sauti, kwa sababu hajui kusoma, na ndiye aliyeniamini.*