Mkono Uliojaa Katika Picha za Watoto

Saa mbili asubuhi. Ukumbi wa pili wa makumbusho bado unanuka sabuni ya sakafu. Mlinzi anafuta alama za vidole kwenye kabati la kioo lenye yai la mbuni. Anarudi nyuma, anatazama, kisha anafuta tena palepale palipokwisha kutakata.

"Leo mikono haitulii," anasema. "Kesho wakubwa wananijadili kikaoni."

Wenzake humwita Bwana Usiguse. Miaka mingi sasa, kazi yake imekuwa neno hilo moja. Hana ugomvi na watoto. Lakini kioo kikipasuka, atakayekatwa mshahara ni yeye, na mshahara wenyewe ukishalipa kodi ya chumba na dawa za pumu, umekwisha.

Balaa lilianza na kamera. Dada wa Elimu, msichana anayepokea ziara za shule, alitaka kujua watoto huona nini hasa wakija pale. Ukiwauliza, wote hujibu "pazuri", basi. Akawagawia wanafunzi wa darasa la pili kamera ndogo, akawaambia wapige chochote wanachokiona.

Picha zilibandikwa ukutani, kwenye chumba cha chai. Watumishi walitarajia vyungu vya kale na mifupa ya nyangumi. Wakakuta mkono. Mkono wa mlinzi umenyooshwa. Kidole cha mlinzi. Mkanda wake, tumbo lake, viatu vyake.

"Mzee, umekuwa nyota!" fundi umeme alimtania. "Nyangumi mzima hajapigwa picha nyingi hivi."

"Cheka tu. Wewe na ukubwa wote huo hukutokea hata kwenye moja."

Walicheka. Mkuu wa makumbusho alikuwa amesimama mlangoni, na yeye hakucheka. "Watoto wanakuogopa," alisema, akaondoka. Haikupita wiki, habari zikamfikia mlinzi kwamba huenda akahamishiwa getini, zamu ya usiku. Kwa mtu mwenye pumu, baridi ya getini ni ya kumlaza kitandani.

Nyumbani mkewe hakumbembeleza. "Si nilikwambia hilo jicho lako la ukali litakuponza? Hata wajukuu wakikuona wanaficha mikono."

Akamfuata Dada wa Elimu ili ajitetee. "Mwanangu, hawa watoto wanaegemea kioo makusudi. Ulitaka niwapigie makofi?"

Dada hakubishana. Alibandua picha moja, akampa. Ilikuwa na mbao za chini ya kioo cha kabati, na juu yake ufito wa mwanga mweupe. Hakuna kingine. Nyuma yake mtoto alikuwa ameandika kwa penseli: Yai la mbuni.

"Yai lenyewe liko wapi?"

"Ndilo hilo, baba. Macho yake yanaishia hapo."

Mlinzi alirudi ukumbini, akahakikisha hakuna mtu, akapiga magoti mbele ya kabati. Aliona mbao. Ili alione yai ilibidi ajivute juu, na alipojivuta, viganja vyake vilitua kwenye kioo.

"Nilidhani ni utundu," anasema, akikikunjakunja kitambaa. "Kumbe walikuwa wanahangaika waone. Na mimi nawafukuza."

Alikwenda kwa seremala wa makumbusho, akamwomba atengeneze ngazi fupi ya kuzunguka kabati, yenye kishikio.

"Bila ruhusa ya mkuu sikati hata kipande," seremala alimjibu. "Unataka tuhamie getini wote wawili?"

Tangu hapo halali vizuri. Akiitaja ngazi mbele ya mkuu, ataonekana anatafuta kisingizio. Akinyamaza, watoto wataendelea kupiga picha za mbao. Mkewe amemshauri aombe radhi tu, aendelee na kazi yake.

Lakini ameshaamua. Kesho, kabla ya mambo mengine, atamwomba mkuu washuke pamoja ukumbini.

"Nitamwambia, bosi, kabla hujanipeleka popote, piga magoti hapa kidogo. Tazama mbele. Niambie unaona nini."

Na mkuu akikataa?

Mlinzi anageukia dirishani. Basi la shule limesimama nje, na watoto wameanza kushuka wakisukumana.

"Akikataa, nitakwenda getini," anasema. "Lakini ngazi nitakuwa nimeshaiomba."