Mama Hakuguswa

Sikuwa nimeng'oka hata jino la kwanza nilipojua kwamba mtu aliyepigwa na radi haguswi. Kwetu Manyatta, Embu, mtoto alifundishwa hilo mapema, kama anavyofundishwa kwamba moto unaunguza. Mtu huyo ni wa Ngai, Mungu wetu. Atalala pale pale alipoangukia mpaka mzee wa kutakasa aje na kondoo. Anayemgusa kabla ya hapo, radi itamrudia na yeye.

Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni tuliswagwa kutoka mashambani mwetu, tukarundikwa katika kijiji kimoja juu ya kilima kipara, hakuna mti hata wa dawa. Baba alikuwa kizuizini. Wanawake walichimba mtaro wa kuzunguka kijiji tangu asubuhi mpaka jioni, wakisimamiwa na homugadi, askari mwenyeji wa serikali ya wakoloni, mwenye bunduki. Aliitwa Njeru. Alikuwa jirani yetu wa zamani, tena alikuwa amekula kwa mama mara nyingi, mlafi yule!

Alasiri moja wingu zito lilitufunika, ila mvua haikuanza. Mama alikuwa juu ya lundo la udongo, kitambaa kimemtoka kichwani, na nywele zake zikasimama zote. Wanawake wakaangua kicheko, maana siku hizo cha kuchekesha kilikuwa adimu. Mara jembe likaanza kuvuma mkononi mwake.

Cucu, mama yake mama, aliyekuwa akichimba chini kidogo ya lundo hilo, akapaza sauti.

"Shukeni! Shukeni nyote, mbingu inawavuta!"

Mama akatupa jembe, akateremka. Njeru akamwelekezea bunduki.

"Mama Wawira, rudi juu. Nani amesema kazi imeisha?"

"Njeru, mwanangu," Cucu akamsihi, "angalia wingu hilo."

"Wingu ndilo linatoa ruhusa hapa? Panda!"

Mama akapanda. Niliona weupe mtupu, kisha mlio ukaniangusha.

Nilipofumbua macho alikuwa amelala chali kwenye lundo, na vidole vyake vilikuwa vikipapasa udongo. Wallahi, niliviona.

"Cucu, mama anaamka!"

Nikakimbia. Cucu akanidaka kiunoni, akanibana huku akilia. "Usimguse, Wawira. Nitawazika wawili." Nikamng'ata mkono mpaka damu ikatoka, hakuniachia. Wanawake walimwomba Njeru amruhusu mmoja wao avuke mtaro akamwite mzee aje na kondoo. Akasema amri ni hakuna kutoka. Na yeye mwenyewe alikuwa amerudi nyuma, mbali na mama, kwa woga. Mvua ikanyesha. Vidole vikatulia kabla haijakatika.

Nilikuja kuwa mwalimu wa sayansi, na kila mwaka nilifundisha somo la radi. Ndani ya wingu, vipande vya barafu vinagongana na chaji zinatengana: chanya zinapanda juu, hasi zinabaki chini, na ardhi iliyo chini ya wingu inajaa chanya. Chaji zikishatenganishwa hivyo, katikati yake kunakuwa na uga wa umeme, nguvu inayovuta bila kugusa. Ndiyo iliyomsimamisha mama nywele. Kadiri chaji zinavyorundikana, uga unaongezeka, mpaka hewa yenyewe inashindwa kuzizuia, na hapo radi inapiga. Cucu alisema mbingu inawavuta, na hapo hakukosea.

Siku moja msichana wa dawati la mbele akaniuliza, "Mwalimu, aliyepigwa anabaki na umeme mwilini?"

"Habaki nao," nikamjibu. "Chaji zimeshapita, kwisha. Mshike mara moja. Msukume kifua, mpulizie pumzi. Wengi huamka."

Nikaweka chaki mezani, nikatoka nje, nikalia kama mtoto.

Njeru nilimchukia mpaka alipozikwa, na bado namchukia, sioni haya kusema. Cucu siwezi kumchukia, ndiyo maana yeye ananiuma zaidi. Alimpenda mama kuliko sisi sote, na alikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote pale. Angenyoosha mkono tu angemfikia, lakini mikono yote miwili aliitumia kunizuia mimi.