Maharagi ya Wajane

Enzi zetu kule Uvira, Jumapili ya mavuno ilikuwa sikukuu kwa kila mtoto isipokuwa sisi wa wajane. Wenzetu walicheza mpira wa majani ya migomba nje ya kanisa. Sisi tuliitwa mbele. Mama alinishika mkono, akaninong'oneza kama kawaida yake: "Piga magoti, sema asante, usiangalie watu." Tukapokea maharagi na chupa ya mawese, waumini wakapiga makofi. Jioni nyumba ilinukia yale maharagi, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese yale, nami nikala hadi tumbo likauma. Kesho yake shuleni wakaniita Mtoto wa Sadaka. Utamu ule na jina lile sijaweza kuvitenganisha hadi leo.

Mwaka huu, hapa ugenini kwa Waswidi, mgongo ulinishinda, kazi ya usafi ikaisha. Nikaenda ofisi ya msaada wa jamii na binti yangu Neema, maana Kiswidi changu hukimbia nikiogopa. Neema ni wa kizazi hiki: sombe huiita nyasi, na salamu ya mkubwa huiitikia macho yakiwa kwenye simu. Mama aliyetuhudumia ofisini aliposema tutasaidiwa kodi ya nyumba na chakula, magoti yangu yalikunjika yenyewe. Nikajikuta chini, viganja vimeshikana. Yule mama akanyanyuka, hajui afanye nini. Neema akanivuta mkono, aibu imemjaa usoni.

Tukapanda treni ya kurudi Hjulsta, mtaani kwetu. Humo Neema akasema, tena kwa Kiswahili, yeye anayenijibu Kiswidi siku zote:

"Mama, tulisoma shuleni. Zamani hapa pia masikini walizungushwa nyumba kwa nyumba wapate kula. Yatima walinadiwa mbele ya watu, anawachukua yule anayetaka malipo kidogo zaidi ya kuwatunza. Baadaye watu wakaona haifai, ikawekwa sheria. Sasa si sadaka. Ni haki yako."

"Na wale watoto, walipigishwa magoti?"

"Kitabu hakikusema."

Nikageukia dirisha asinione.

Watoto wa leo wanajua neno haki kabla ya kujua kuosha sahani, na kwa hilo nawaonea wivu. Lakini naona haya kusema kwamba wale waumini bado nawakumbuka kwa hamu. Walitudhalilisha, ila walijua nani hajala. Hapa msaada huingia benki kimyakimya, na hakuna jirani anayebisha hodi kuuliza kama leo tumepika.