Alichosema Ezéchiel Kabla ya Kupigwa Risasi

Nilimwona kaka yangu akipigwa risasi miezi saba baada ya kumzika. Watu wa viti vya nyuma wakapiga makofi.

Subirini, msinikimbie.

Naitwa Larissa, nasuka nywele hapa Durban. Kaka yangu Ezéchiel alikuwa mwalimu wa hesabu kule Uvira, Kongo. Huku alilinda magari ya watu nje ya maduka, diploma yake ikiwa imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki.

Mwaka juzi Wamarekani walikuja kupiga filamu kwenye kiwanda kilichofungwa na kuota vichaka, mtaa wa Jacobs. Walitaka Wakongo. Ezéchiel akarudi nyumbani anacheka peke yake.

"Wamenipa nafasi ya docteur," akasema.

Basi nikampigia Mama simu Uvira. Kufika Jumapili, kanisa zima lilishajua.

Kisha mapafu yakamshinda. Wiki tatu tu, akaenda. Mama alipofika Durban alikuta kaburi, na simu yake mwenyewe, yenye sauti zote alizotumiwa na Ezéchiel, ilikuwa imeibwa njiani.

"Larissa, mi sitaki kingine," aliniambia. "Unionyeshe ile filme. Nisikie sauti yake mara moja tu, nitarudi kwetu."

Filamu ilipotoka nikampeleka sinema, Jumamosi mchana. Alivaa kitenge chake cha Pasaka.

Saa nzima tunamtafuta daktari. Madaktari wote wazungu.

Halafu vichaka vikatikisika, akatoka. Panga mkononi, macho yamepakwa wekundu. Ezéchiel huyu huyu, ambaye kuku wa Krismasi nilimchinja mimi kwa sababu yeye aliogopa damu.

Akapiga kelele. Chini ya uso wake yakatokea maneno ya Kiingereza: chomeni watoto wote.

Shujaa mzungu akamlenga. Akaanguka.

Makofi.

"Sharp!" akasema mmoja nyuma yetu, yaani safi sana.

Nikageuka. Walikuwa weusi kama sisi. Na ningewalaumu vipi? Utotoni, kwenye kibanda cha video Uvira, nilishangilia hivyo hivyo.

"Maman, tutoke," nikamnong'oneza. "Tafadhali."

"Tutoke twende wapi?"

Alikuwa analia, lakini anatabasamu.

"Haukusikia vile alisema?"

"Nimesoma, Maman."

"Minakuuliza kusikia. Ile ya kusoma mi sijue. Alisema: Mama, nimekula, usilie."



Jioni nikamtafuta Désiré, aliyecheza naye kwenye filamu ile.

"Eish, walituambia tupige kelele kwa luga yetu, chochote," akasema. "Ya kuandika waliandika wao. Na ile nafasi ya docteur haikukuwako, dada. Alisikia haya kuwaambia ukweli."

Hiyo iliniuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni mimi mwenyewe. Kaka wa tumbo moja anasema kwa lugha aliyonifundishia kuhesabu, nami nimekazana kusoma maneno ya watu wasiomjua. Mama, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, ndiye pekee aliyemsikia mle ndani.

Jumatatu tulirudi. Mama alivaa kitenge kile kile. Vichaka vilipotikisika nikamshika mkono, nikafumba macho.

Nimekula, usilie.

Nililia, Ezéchiel, nisamehe.

Ndugu unayesoma hapa, siku wakikuletea mtu wa kwenu na panga mkononi, achana na maandishi ya chini. Msikilize kwanza.