Sanduku la Nakshi la Fundi Mara Nane

Mwaka wa 1957, nikiwa na miaka kumi, baba alianguka kazini bandarini asiinuke tena, na mimi nikatolewa darasa la tatu nikaenda Marikiti kubebea watu vikapu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenifundisha kitu kwa ubao na chaki. Redio nilijifunza kwa kuzifungua. Nayasema haya mapema ili mjue kiburi changu kilianzia wapi, maana aibu nitakayowasimulia ni ya kiburi tupu, na hadi leo nikipita Kibokoni kuna watu wazima wenye wajukuu huniita Mara Nane, nami huitika, nitafanyaje.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Duka langu la redio na TV lilikuwa karibu na Marikiti, nyumba yangu Mji wa Kale. Bwana mmoja wa Kizingo akaniletea pleya mbili za CD, jicho la kusomea limekufa zote mbili, akaniambia nizitupe. Mimi situpi kitu. Nikazifungua, nikang'oa chipu tatu kwa uangalifu kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, na mwalimu mmoja jirani yetu akanisomea makaratasi ya chipu hizo yaliyoandikwa Kiingereza. Nikaelewa hivi: kwenye CD hamna sauti, mna hesabu. Chipu ya kwanza hupokea zile hesabu, ya pili baina ya kila hesabu na mwenziwe hutia nyingine saba za katikati, ili mahali palipokuwa na ngazi pawe na mteremko laini, na ya tatu huzigeuza zote kuwa sauti ya kupeleka kwenye amplifaya. Moja inakuwa nane. Mara nane. (Barazani niliwaambia "mara nane" bila kueleza nane ya nini, wakadhani ni ukubwa wa sauti, nami nikawaacha wadhani.)

Nilijenga kitu hicho kwa mikono yangu kwa miezi mitatu, nikakiunga na pleya nyingine nzima ya kukilisha hesabu, na siku kilipoimba mara ya kwanza, udi ukasikika hadi kucha ya mpigaji ikigusa waya, nililia. Simwonei haya mtu kwa hilo. Haya yangu iko mbele.

Lilibaki la kukitia ndani yake. Mke wangu, Mwanakheri, akanipa kopo la biskuti la bati alilokuwa akiwekea nyuzi. Akamwaga nyuzi mezani, akaniambia, "Kitie humu, kopo lina kifuniko."

"Kazi ya mtu mzima haikai koponi," nikamjibu.

Nikaenda kwa seremala nikatengenezewa sanduku la mti lenye nakshi ya maua, pembe za shaba, kifuniko cha kioo ili wageni wazione chipu zangu. Uamuzi mdogo huo, ndugu zangu. Kila kilichofuata kilitoka kwenye sanduku hilo.

Maana chipu hizo zina saa ndani yake, hupiga mamilioni ya mipigo kwa sekunde moja, na mipigo hiyo isipofunikwa na bati hutoka nje ikasafiri kama stesheni ya redio. Mimi nalijua hilo. Nililijua siku zile pia. Lakini sanduku lilikuwa zuri.

Basi kila jioni baada ya alasiri nikitoka dukani huwasha sanduku langu hadi isha, naliacha lipate moto hata nisiposikiliza, nikiamini chipu zikichemka sauti hunyooka. Na kila jioni baada ya alasiri TV za mtaa mzima zikaingia mistari ya mshazari. Wakaja kwangu mmoja mmoja: fundi, TV yangu imeharibika. Nikapanda madari ya watu nikageuza eriali kulia na kushoto, nikanywa chai zao na mahamri yao, mistari iko pale pale. Nyumbani kwangu sikuwa na TV (dukani zimejaa za watu, nyumbani ya nini), kwa hivyo sikuiona ikianza nikiwasha wala ikikoma nikizima.

Ijumaa wiki ya pili wazee wa baraza wakaniuliza uso kwa uso, "Fundi, ni nini?" Na fundi aliyejifunza peke yake hawezi kusema sijui. Wakati huo huo juu dirishani cherehani cha umeme cha Bi Rukia kikanguruma. Nikanyoosha kidole.

"Mota ile," nikasema.

Bi Rukia alikuwa mjane, mshonaji wa nguo za maharusi, na cherehani hicho ndicho kilichomlisha yeye na mama yake. Wiki ile alikuwa na gauni la bintiye jirani, harusi yenyewe Jumapili ya wiki ijayo, na jioni ndio wakati wake, kwa sababu asubuhi alikuwa akimuuguza mama. Nilijua vilevile kuwa mota hutia nukta kwenye TV, haitii mistari. Mwanagenzi wa wiki mbili analijua hilo. Nikanyamaza. Wazee wakamwendea, wakamwomba asishone jioni, na yeye kwa heshima yao akakubali.

Siku nne baadaye nikakutana naye kwenye ngazi.

"Sabalkheri, fundi. Nimezima siku nne. Mistari imekwisha?"

"Inapungua pungua, Bi Rukia."

"Inapungua," akasema, akanitazama kutoka kofia hadi makubazi. "Alhamdulillahi."

Jumamosi, kesho ni harusi, alasiri kulikuwa na fainali ya mpira. TV kubwa imetolewa barazani, njia imejaa, Sefu muuza kahawa anagonganisha vikombe. Nami nikaona ndiyo saa ya kuwaonyesha: kabla mpira haujaanza nitafungua madirisha, niwashe sanduku, mtaa usikie mara nane. Nikaingia ndani nikawasha. Udi ukalia vizuri mno. Nje zikapaa kelele, nami nikadhani ni sifa, nikatoka na tabasamu.

TV ilikuwa mistari mitupu.

"Cherehani hicho," nikapaza sauti, "si tumeshaambizana? Hebu mmoja apande akamwambie Bi Rukia azime."

"Niambie mwenyewe, sina haja ya tarishi."

Alikuwa amekaa nyuma yangu barazani kwa mwalimu, gauni jeupe mapajani, sindano mkononi, akitia puluki za kumetameta moja moja. Akaingiza mkono kikapuni akatoa pedali ya cherehani na waya wake, akaninyooshea.

"Pedali hii hapa, Fundi Athmani. Huko juu nani ashona?"

Sefu akaacha kugonga vikombe.

"Mimi sikusoma mambo ya umeme," akaendelea, "lakini siku hizi zote nisizoshona nimekaa dirishani sina kazi. Nasikia udi walia kwako, na kwa jirani wapiga kelele za TV. Udi wanyamaza, nao wanyamaza. Hebu kazime chako."

"Bi Rukia, kile ni chombo cha..."

"Kazime, babu," akasema Sefu.

Mke wangu hakunisubiri. Akazima yeye. TV ikawa safi kama kioo, wachezaji wanaingia uwanjani. "Washa," akasema mtu. Mistari. "Zima." Safi. Wakaonja utamu wake: mtaa mzima, hadi wanawake wa madirisha ya juu, washa, zima, washa, zima, na Mwanakheri (mke wangu wa ndoa, mashahidi wapo) akiwatii kila mara huku akicheka hadi ameegemea ukuta.

"Kweli mara nane," Sefu akasema. "Nimehesabu."

Ikawa jina langu.

Nikamwomba radhi Bi Rukia mbele ya watu wote. Akasema radhi ameipokea, lakini gauni halijesha na mikono yake ni miwili. "Wewe una vidole vya kushika vitu vidogo." Kwa hivyo fainali ile sikuiona. Nilikaa chumbani kwake katikati ya shangazi watano wa biharusi, nikitia puluki kwenye mikono ya gauni, kila nikidungwa sindano wakiniuliza ni hesabu ya ngapi hiyo. Cherehani kikanguruma jioni nzima na TV huko nje isiingie mstari. Magharibi ilipoadhiniwa gauni lilikuwa tayari.

Malipo yangu hayakuishia hapo. Siku ya pili Bi Rukia alikuja akalitazama sanduku la nakshi, akasema, "Hili zuri. Lanifaa." Nikatoa chipu zangu, sanduku nikampa.

Sijamsingizia tena mtu chombo chake kabla ya kuzima changu, na sitamsingizia. Leo nina nyumba ya ghorofa mbili Kibokoni, maduka mawili, meza nne za kazi, chuma cha kulehemu nilichoanzia, na kopo moja la biskuti la bati lenye chipu tatu ndani, bado laimba. Sanduku silihesabu. Liko kwa Bi Rukia, lina nyuzi.