Waini ya Samaki Mbele ya Baba Mkwe

Sipendi kuisimulia hii, kila nikiianza natokwa jasho hata kama Tukuyu kuna baridi ya kuvaa masweta mawili, lakini kwa kuwa mmenikalia kooni, haya, chekeni halafu mnyamaze.

Mchumba wangu Ambokile anakaa Msasani, hii ya hapa hapa Tukuyu, na baba yake, mzee wa kule Isongole, alikuwa anakuja kula chakula cha jioni ndipo aamue kama atatoa ng'ombe wa mahari yangu au la. Asipotoa, hakuna ndoa, na mimi kwetu nilishatangaza. Sasa mzee bado anashika mila: mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemeshani, hata njiani wanakwepana. Kwa hiyo nilitakiwa kupika, nijifiche jikoni nyuma ya pazia, basi. Kazi rahisi namna hiyo, nami nikaiharibu.

Kilichoniponza ni kutaka sifa. Nilikuwa nimeangalia video kwenye simu, nikaona wenye hela zao kila chakula kina waini yake, nikasema nami nitawaonyesha: nyeupe kwa samaki, nyekundu kwa ndizi na nyama, ile tamu kwa nanasi. Nikamfundisha Ambokile kutwa nzima ("Nyeupe kwanza, Ambo, nyeupe"), naye akawa anaitikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Jikoni sioni kitu, nasikia tu. Samaki wakapelekwa. Nikamsikia mzee, "Mwanangu, nipe hiyo nyekundu, ndiyo ninayoijua, ya meza ya Bwana." Na Ambokile, badala ya kumwelekeza baba yake, akamimina. Glasi ikarudishwa mezani.

"Hii imechacha," mzee akasema.

Shangazi yake Ambokile, aliyekuja na mzee, akashauri waongeze sukari (sukari, jamani). Nikajua sasa mzee atasema huyu binti anatunywesha vitu vilivyoharibika, ng'ombe ndiyo basi tena. Nikasikia kijiko kinakoroga. Nikamsikia Ambokile anasema anafungua ile tamu, eti aichanganye humo humo ipunguze ukali. Hapo sijui akili ilienda wapi, maana mimi kitu kikifanywa kombo siwezi kunyamaza, nikavuta pazia nikatoa kichwa chote.

"Ambo, hiyo si ya samaki!"

Macho yangu na ya mzee yakakutana. Glasi ilikuwa mdomoni. Akajifunika uso kwa kofia, waini yote ikamwagikia shati lake jeupe la kanisani, akainuka hivyo hivyo, kajifunika, akawa anapapasa ukuta kutafuta mlango. Shangazi akamshika mkono akamtoa nje. Nikasikia bodaboda inawashwa. Nilikaa chini jikoni nikalia mpaka ndizi zikaungua.

Jibu lilikuja Jumapili kupitia kwa shangazi. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo shangazi. Mzee amesemaje?"

"Marahaba. Ng'ombe atatoa. Ila mmoja anabaki zizini kwake mpaka ujifunze kunyamaza."

Ndoa tulifunga, wageni wakanywa soda na chai, na waini mimi siipangi tena hata nikiombwa kwa magoti. Yule ng'ombe mpaka leo yuko Isongole. Juzi nimesikia amezaa tena.